Chokea

Miezi saba tuliita chokea.
Mama akanikanda kwa kitambaa cha maji moto,
duka la dawa la Kadutu likaniuzia pomadi,
tubu baada ya tubu,
na kope zikapukutika moja moja.

Dokta Nsimire hakuuliza kunauma wapi.
"Kope zilianza kuanguka lini?"
Akakata kipande kidogo kuliko punje ya mtama,
kikavuka Ruzizi ndani ya kichupa
kwenda kutafutiwa jina.

Jina lilirudi refu, la kansa adimu; sikulishika.
Nilishika hili: waliondoa ukope wa chini,
wakashonea ngozi ya nyuma ya sikio.

Usiku, mvua ya Bukavu juu ya mabati.
Jicho moja limelala.
Lile lililoshonwa
bado linasikiliza.