Saa Hazikuwa Mbovu

Wimbi hili halilowanishi mtu.
Halina chumvi, halina ngurumo,
linapenya nyama na mfupa
kama salamu isiyokuhusu.

Bi Fumiyo Kanbara, fundi saa wa Akita,
alinifunza huku kibano kikiwa mdomoni:
"Usiseme redio ni sauti. Sauti ni mzigo,
wimbi ndilo mchukuzi.
Na huyu wetu hata sauti hana. Kabeba saa tu."

Kusini, mlimani, kuna mlingoti.
Umeme hupanda na kushuka ndani yake
mara elfu arobaini kwa sekunde,
na mtikisiko huo hutoka ukasambaa,
ndugu wa mwanga, kwa mwendo ule ule,
ila jicho halikuumbiwa kuuona.
Wimbi moja lina kilomita saba na nusu:
kichwa kikigonga dukani kwetu
mkia bado uko ng'ambo ya daraja la reli, kwa muuza tofu.
Nguvu hushushwa, hurudishwa, fupi, ndefu, fupi,
sekunde sitini nzima kuitamka dakika moja.

Machi ile yakaja mawimbi mengine, yale ya chumvi.
Jina moja, tabia mbali.
Mafundi wa mlingoti wakaamriwa kuondoka.
Mlima ukanyamaza.
Kituo cha pili, huko Kyushu, kilitufikia kwa kunong'ona.

Saa hazikusimama. Hilo ndilo lililotuhadaa.
Kila moja ilishika njia yake, kimya kimya,
hata wiki ya tatu wateja wakapanga foleni:
ya mwalimu Orikasa imetangulia sekunde saba,
ya kinyozi imechelewa tisa
(tisa! naye analia kama kaibiwa),
ya mjane Segawa, hakusema kitu,
aliiweka mezani imefungwa kwenye leso.

"Si mbovu," Bi Fumiyo akawajibu. "Hazijaambiwa."
Akazipanga dirishani zielekee kusini, arobaini na moja,
bila kulegeza hata skrubu.

Usiku mmoja wa Aprili, saa nane,
nililala juu ya benchi nikaamshwa na mchakato mdogo,
kama panya kwenye mchele:
mishale ilikuwa inakimbia, yote,
hii mbele, ile nyuma,
kisha, tik, ikakubaliana.

Isipokuwa ya mjane Segawa.
Hiyo Bi Fumiyo alikuwa ameikata uzi wa antena,
kwa ombi la mwenyewe.
Aliyeitundika ukutani hakurudi kutoka pwani.

Inachelewa hadi leo.
Yeye anajua kwa kiasi gani.