Betri Haina Kosa

Betri ya kwanza nilimrudishia Shamuti, dukani kwake Mwembe Tayari,
nikamwambia mbele ya wateja: umeniuzia jiwe.
Ya pili nililala nayo kwenye chaja
chini ya kitanda, kama mgonjwa wa kuuguza.
Asubuhi honi ikawika. Adhuhuri, penye taa za Buxton,
honi ikakohoa, indiketa ikafumba jicho,
na abiria wangu, mama mwenye trei ya mayai,
akashuka, akasema: Mwanangu, ipe kiki.
Nikaipa. Kiki ishirini. Jua la Machi halina adabu.

Umazi ana gereji upana wa mlango, Kisauni,
kati ya muuza mkaa na kinyozi.
Hakuuliza bei ya betri. Aliuliza:
Ulifanya nini kabla haijaanza kufa?
Sikufanya kitu.
Mdomo ni mwepesi kuliko spana.

Akagusa ncha za betri kwa mita:
kumi na mbili nukta tatu. Washa. Ile ile.
Vuta mafuta. Ile ile, kama mtu anaitwa asiitike.
"Ingekuwa inalishwa, ingepanda mpaka kumi na nne.
Hii inafanya kazi na haili."

Vijana wa stegi walishasema koili,
walishasema regyuleta, mmoja alisema jicho la mtu.
Umazi alisema: Tusizike kwa uvumi.

Akafuata nyaya tatu za njano zitokazo tumboni mwa injini,
akazipima mbili mbili, kama anayewagawia mkate watoto watatu
wenye wivu: sawa, sawa, sawa.
Fyuzi nzima. Soketi ina kutu ya kijani,
chumvi yetu hii inayokula hata bawaba za milango;
akaisugua kwa mswaki. Bado, kumi na mbili nukta tatu.

Kisha mguu mmoja wa mita kwenye mwili wa regyuleta,
mwingine kwenye waya mwekundu utokao humo:
kumi na nne nukta mbili.

Chakula kipo jikoni. Hakifiki mezani.

Akaondoa tangi. Akanionyesha boliti ya waya wa athi,
pale moto unaporudi kwenye chasisi.
Chini yake rangi. Buluu, nene, inang'aa.

Buluu ile naijua. Niliipiga mwenyewe, tabaka tatu,
wiki moja kabla ya harusi ya dada yangu Tima,
wakwe wasije wakaona kutu.
Nilifungua kila kitu, nikapaka kila kitu,
nikafunga juu ya rangi.

Umazi hakusema neno. Msasa, mara nne, tano,
chuma kikatoa uso, cheupe kama jino.
Akakaza. Vuta mafuta.
Kumi na tatu. Na nusu. Kumi na nne na kidogo,
na taa ya mbele ikanikodolea macho mchana kweupe.

Shilingi mia mbili. Msasa akanipa bure.

Leo nimepita Mwembe Tayari mara mbili.
Honi inalia vizuri. Sijashuka.
Ile betri yangu ya kwanza iko pale kaunta,
nzima,
inamsomea Shamuti taarifa ya habari.