Meno ya Mifupa

Mchana natengeneza meno ya watu, Makupa,
ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati.
Usiku natengeneza meno ya mifupa.
Brashi ni ile ile, nywele tatu, labda nne,
na pumzi naizuia vile vile
nikishika kichwa kisichozidi punje ya kunde.
Rangi ya jino siitoi koponi kama ilivyo.
Nachanganya: nyeupe kidogo, tope la kahawa,
chembe ya wekundu wa tambuu kwenye fizi,
kwani hata mfu wa shimoni, nadhani,
alikuwa na baraza yake na kikombe chake.

Sanduku lilikwama Kilindini siku kumi na tisa.
Kilo sita na nusu. Karatasi zasema: vitu vya kuchezea watoto.
Afisa akatazama karatasi, akatazama mvi zangu.
"Watoto wangapi?"
"Mmoja," nikasema. "Ndiye mimi."
Akakata utepe, akavitoa vinyago kimoja kimoja:
zimwi la vichwa viwili, panya wa kiasi cha mbuzi,
mchawi aliyevunjikiwa na fimbo safarini,
joka limejikunja kama leso kabatini.
"Hiki chafanya nini?"
Nikamweleza. Chumba cha kwanza, mlango wa chuma,
ufunguo umo tumboni mwa chura.
Nyuma yangu foleni yaguna,
mwenye matairi apiga mluzi.
"Na huyu chura, ni lazima auawe,
ama mtu aweza kusema naye?"

Miaka kumi na mmoja nacheza.
Sijawahi kumuuliza chura kitu.

Basi Alhamisi sasa tu wanne:
mimi, Twalib fundi wa friji, Ridhwana wa bima,
na Nyevu wa forodha, viatu mlangoni, sare begini.
Bodi zetu zimepinda. Unyevu wa Tudor hauna huruma,
pembe za vyumba zainuka kama chapati kaangoni,
twazikandamiza kwa sarafu za shilingi ishirini.
Ujia wa saba una doa jekundu,
mabuyu ya Twalib, mwaka juzi.
Tulilisugua, likakataa.
Tukalitia katika sheria:
akanyagaye hapo hupoteza zamu,
na Twalib hulipa faini ya viazi karai.

Mke wangu huuliza toka jikoni, "Mshafika?"
"Bado."
"Mko wapi?"
"Kaburini."
"Basi mkitoka mniletee sahani zangu."

Umeme ukikatika hatusimami.
Twalib hulaza simu ubavu, tochi iwake,
na kinyago cha urefu wa kidole gumba
hupanda ukutani, hugusa dari,
upanga wake hukata kalenda ya duka la dawa
toka Machi hadi Novemba.
Watu huniuliza faida yake.
Mimi huwaonyesha ukuta.

Jana tulifika kwa joka.
Ridhwana chini, uhai sifuri. Twalib amegeuzwa jiwe,
na bado atoa ushauri.
Mimi nina shoka na jeraha.
Nyevu hana hata kisu. Ana chura,
yule wa chumba cha kwanza, aliyesema naye
akapewa ufunguo kwa hiari
na tangu hapo hambanduki begani.
Kitabu cha sheria, kurasa sitini na nne,
hakina chura rafiki.
Tulipiga kura. Chura akapita, watatu kwa mmoja,
na yule mmoja nilikuwa mimi.

"Namtuma chura," Nyevu akasema,
akaitikisa dadu viganjani kama anayepoza kaimati,
akaitupa.
Ikagonga mkia wa joka, ikaruka ukingo wa meza,
ikabiringika gizani hadi mlangoni.
"Usiiguse! Yahesabiwa ilipo!"
Watu wazima wanne, magoti sakafuni,
twapapasa kati ya makubadhi na ndara.

Imo ndani ya kiatu cha forodha,
kimya, upande mmoja juu.
Tochi iko mkononi mwangu.
Vichwa vimegusana
na hakuna atakaye kuwa wa kwanza kuona.