Msumari wa Nne

Okware alikuja na kipimamaji, patasi,
na penseli nyuma ya sikio.
"Mama, tutoe nini?"
Nikamwambia: vyote.

Vigae vya waridi vilivyochubuka kama goti la mtoto,
pazia la nailoni lenye samaki wasiojulikana kabila,
kioo kilichoota madoa,
mswaki wa mtu asiyerudi tangu mwaka wa uchaguzi,
vipande vya sabuni ndani ya soksi,
chupa ya losheni iliyokatwa shingo
ili kidole kifike palipobaki.
Misumari minne.
Wa kwanza wa taulo, wa pili wa taulo,
wa tatu wa mkanda ambao baba alinolea wembe.
Wa nne haukuwahi kushika kitu,
lakini ulikuwepo.

Siku tisa nyumba ilikohoa vumbi.
Tulioga uani, nyuma ya mabati,
Wanale ukituchungulia bila haya
jinsi milima ya Mbale ilivyo.
Vigae vipya vikaja kwa bodaboda, vyeupe, visivyong'aa.
"Rangi ya uji," akasema Okware.
"Rangi ya pamba," nikamsahihisha, maana nilivilipia mimi.
Akavipanga vikanyooka
mpaka nikauonea haya mwendo wangu.
Bomba likachomoza ukutani, jeusi, jembamba,
kama swali lililoulizwa kwa adabu.
Mabomba mengine yote akayazika.
"Maji yatafika bila njia kuonekana," akasema,
"kama mshahara wa mwalimu unavyoondoka."

Halafu pakawa kimya.
Rafu moja, tupu.
Taa moja, isiyoonekana inatokea wapi.
Nilikaa humo nusu saa, nimevaa nguo zangu zote,
nikisikiliza kutokuwepo kwa vitu.

Mama akashuka kutoka Budadiri
na furushi la malewa yanayonukia moshi.
Akasimama mlangoni, viatu mkononi.
"Hodi," akakiambia chumba.
"Nguo nitatundika wapi?"
"Kuna kabati ukutani, mama. Sukuma, litafunguka."
Akausukuma ukuta. Si huo.
Akausukuma mwingine.
Akacheka hadi akaketi kwenye kingo ya beseni.
"Binti yangu amejenga fumbo," akasema,
"na mimi nilitaka kunawa tu."

Ijumaa maji yakakatika.
Dumu la njano likarudi kutoka stoo
likaketi katikati ya weupe ule
kama shahidi aliyekuja kortini na gumboti.
Nikalificha nyuma ya mlango.
Mlango ukakataa kufunga.
Nikalifunika taulo la kijivu.
Likawa dumu lenye taulo.

Jumamosi nikaliona lile jiwe kwenye rafu:
jeusi, lenye vitundu, la mto Sironko,
lililonisugua visigino miaka yote ya shule
nikilia, mama akisema, "Lia, lakini leta na mguu wa pili."
Alikuwa amelifukua kwenye kifusi
bila kuniambia neno.
Nambuya wa jirani akaja kukagua bafu.
Akazunguka, akanyamaza, akaligusa.
"Urembo huu umeagiza Dubai?"
Mama jikoni akakohoa kwa nguvu.
Nikasema ni la huku huku.
"Bei?"
Nikasema sikumbuki.

Okware alirudi kudai salio.
Akaweka kipimamaji kwenye rafu, kando ya jiwe,
akafinya jicho. "Imeinama kidogo. Niirekebishe?"
Nikamwambia aache.
Akatoa mfukoni kikopo cha maziwa ya unga,
akanimiminia kiganjani kutu na misumari mitatu,
mali ya watu hairuki na kifusi, akasema.
Nikahesabu.
"Na wa nne?"
Akakuna penseli na sikio pamoja.
"Ule uligoma, mama. Niling'oa, niligonga, nilimwagia mafuta.
Basi nikapitisha kigae juu yake."

Akanionyesha mahali kwa kidole.
Ukuta mweupe. Hakuna kitu.
Kila asubuhi, nikiwa na mswaki mdomoni,
naitazama sehemu ile.
Juzi nimejikuta nimenyoosha mkono
kwenda kutundika taulo.