Uzito wa Lori Tupu

Miaka thelathini na mmoja nilikaa kwenye mizani
ya ghala la nafaka kando ya reli, huku Saskatchewan,
ambako treni huonekana muda mrefu kabla ya kuwa na sauti.
Lori likiingia na ngano, napima.
Likitoka tupu, napima tena.
Mkulima alilipwa tofauti tu:
si chuma, si magurudumu, si dereva mnene.

Sasa nimestaafu. Nina goti moja la kutengenezwa,
fimbo saba katika mfuko wa kumi na nne,
na kila Jumanne na Ijumaa nacheza gofu na Orest Hawryluk,
aliyeendesha basi la shule mpaka macho yakamkataza,
na hadi leo, akifika kivuko cha reli,
husimama, hufungua mlango, husikiliza.

Uwanja wetu una mashimo tisa. Tunayazunguka mara mbili.
Penye bendera hapana nyasi: ni mchanga
uliotiwa mafuta usipeperuke,
na reki imelazwa pembeni.
Wa mwisho kuondoka ndiye anayesawazisha.
Hakuna mti wa kulaumu. Upepo tu,
nao tunaujua mpaka ukoo wake.

Hapa handikapu ya Orest ni kumi na tisa.
Ameizoea kama namba ya nyumba.

Julai tukaenda kwenye uwanja wa bonde la mto,
mwendo wa saa tatu, mikate ya mayai ndani ya karatasi.
Kumbe uwanja umening'inia!
Misonobari imebana njia kutoka huku na huku,
na shimo la nne lazima uvushe mpira juu ya korongo.
Kijana wa mapokezi akabonyeza kompyuta yake:
"Bwana Hawryluk, leo wewe ni ishirini na sita."

Orest akavua kofia.
"Nimezeeka njiani?
Asubuhi nilitoka nyumbani nikiwa kumi na tisa."

Nilicheka hadi goti likauma.
Orest, nikamwambia, hawajakupima wewe.
Wamepima lori.
Uwanja wetu ni kigari cha kusukuma kwa mkono,
huu ni lori la matairi kumi na nane.
Ngano yako ni ileile.

Hakuniamini. Shimo la kwanza alipoteza mipira miwili.
La nne, mpira ulitumbukia korongoni
ukatoa mlio mdogo, wa chini sana,
kama mtu anayefunga mlango kwa adabu.

Jioni tukahesabu: tisini na tisa.
Toa ishirini na sita. Sabini na tatu.
Akapekua mfukoni akatoa kadi ya Ijumaa, ya nyumbani:
tisini na moja, toa kumi na tisa. Sabini na mbili.
Mkwaju mmoja tu kati ya bonde na nyumbani,
na huo najua uliko.

Wakati wa kurudi alinyamaza,
nami nikamkumbuka kaka yangu Metro
aliyerithi kipande cha kaskazini, chenye mawe.
Kila theluji ilipoyeyuka, mawe yaliota kabla ya shayiri.
Wenye udongo mweusi walileta lori juu ya lori,
wakamwita mvivu.
Mzigo wa mwenzio, kanda la usufi.
Na mimi, dada yake, nilikuwa pale dirishani,
nikamwandikia risiti sahihi hadi kilo ya mwisho.
Fomu haikuwa na safu ya mawe.
Sikuichora.

Alikufa akiziamini namba zile.

Kwenye kivuko Orest akasimamisha gari,
akafungua mlango, akasikiliza.
Hapakuwa na treni. Panzi tu, na injini ikipoa.
"Darka," akasema, "ule uwanja ni mgumu."
"Ni mgumu," nikasema. "Ni mgumu kweli."

Hakuufunga mlango mara moja.