Mjane

Mvua ya Tukuyu haijui kupiga hodi.
Aprili inaingia mpaka ndani ya gunia la makaa,
kwa hiyo mama alianza kazi kwa kuyabembeleza,
moja moja, kama mtu anayeamsha watoto wa shule.

Unga wa ngano, kilo. Siagi ya kopo.
Sukari kidogo tu ("utamu utakaa katikati, tulieni").
Mayai mawili ya yule kuku wetu mwenye kilema,
na iliki aliyoiponda kwa kitako cha chupa.
Hakupima. Alisikiliza.
Donge likiacha kunata kidoleni alisema basi,
na basi yake ilikuwa basi.

Mfuniko wa kopo la dawa ya kifua ulikata duara.
Kizibo cha soda kilitoboa nusu yake katikati:
zisizo na tundu za chini, zenye tundu za juu,
ili jamu ipate dirisha la kuchungulia.
Jamu yenyewe ya mapera mekundu ya nyuma ya choo.
Wageni hatukuwaambia.

Sufuria kubwa, mchanga wa mto Kiwira ndani,
makaa chini, makaa juu ya mfuniko,
na sisi watatu, Tusekile, Ambwene na mimi,
tumechuchumaa kama paka wa buchani.

Zikipoa, ndoa zilifungwa mezani.
Ndivyo tulivyoziita: huyu bwana, huyu bibi,
jamu ndiyo ng'ombe wa mahari.
Bonyeza taratibu, usimvunje bibi mbavu.
Na kila mara, sijui kwa hesabu gani ya shetani,
moja ilibaki haina mwenzake.
"Mjane!" tulipiga kelele, tukamgombania.
Ambwene aliwahi kuning'ata bega kwa ajili ya mjane.
Baba akirudi alfajiri kutoka zamu ya kiwanda cha chai
alikuta jozi sita kwenye bakuli lililofunikwa.
Alikula tano. Ya sita aliibandua,
akampa mama upande ulioondoka na jamu.

Baba alikufa Machi.
Mwezi wa tano mama akawasha makaa tena.
Tulikata, tukatoboa, tukabonyeza, kimya.
Ikabaki moja.
Ambwene alifungua mdomo, Tusekile akamkanyaga.
Mvua ikaongea peke yake juu ya bati.

Mama aliitazama ile biskuti
kama mtu anayesoma jina lake kwenye bahasha.
Akachota jamu, kijiko kizima,
akapaka mpaka ikafurika pembeni,
akala amesimama. Akalamba kidole gumba.
"Kumbe tamu hivi," alisema,
"na miaka yote mmekuwa mkinificha?"

Sasa ninaishi Uyole. Nina jiko la gesi na oveni yake,
lina kioo, lina taa, halina mchanga.
Nimenunua kikatio cha dukani, kina meno kama ua.
Biskuti zinatoka zote rangi moja, kama makarani wa benki,
na mimi, Mungu anisamehe, nazipenda pungufu kidogo.

Jana binti yangu Bupe alipanga jozi mezani,
akahesabu kwa kidole chenye unga, akarudia,
akaniuliza, "Baba, hii haina mwenzake. Inaitwaje?"

Jina nilikuwa nalo mdomoni.
Nililizungusha kama punje ya iliki isiyopondeka,
nikalimeza.

"Hiyo ya Bibi," nikamwambia. "Paka nyingi."

Akapaka mpaka kiganja chote kikawa chekundu,
akaifunga kwenye karatasi ya daftari la hesabu,
akaiweka juu ya kabati, mbali na mimi.
Jumamosi tunapanda kwenda Tukuyu.
Leo ni Jumatano, na karatasi ile
tayari imefunguliwa upande mmoja.