Valensia

Miaka kumi na saba nalitamka jina hili
nimechuchumaa sokoni Mgandini, kisu kwapani,
msasa kushoto, valensia kulia,
nikidhani ni jina la chungwa tu,
kama dodo lilivyo jina la embe.

Kumbe ni mji.
Kumbe una treni za chini kwa chini, una baridi ya asubuhi,
una chumba ghorofa ya nne
ambamo mwanangu Mwantumu analala
kwenye kitanda cha mtoto wa mtu mwingine,
chini ya picha ya timu ya mpira asiyoijua.

Sauti yake huja usiku, nikishafunga daftari la madeni.
Sekunde arobaini. Dakika na nusu.
Naibana simu sikioni
kama mtu anayegonga tikiti asikie limeiva au bado.

Siku ya pili: Mama, hawa wanakula saa nne usiku!
Saa mbili nilikwisha kunawa,
nikakaa, nikangoja, mikono ikakauka.
Nilitaka kusema nina njaa,
nikasema nina mwanamume.
Baba mwenye nyumba akatazama mlango.

Nilicheka peke yangu uani.
Kisha nikairudia tena, na tena,
nikitafuta kama na yeye alikuwa anacheka.

Siku ya nne: mama mwenyeji anaitwa Amparo.
Mw haimtoki mdomoni. Ananiita Tumu.
Nimemwachia.

Hapo niliumia kidogo.
Jina lile ni la mama yangu,
na mama alikata mkonge Kange miaka tisa
chini ya msimamizi Mgiriki aliyemlipa nusu,
lakini jina akimwita zima.

Siku ya sita hakutuma kitu.
Niliuza magunia mawili, sikumbuki kwa nani.

Siku ya saba, mafua yamembana:
Mama, kuna maneno nimeyakuta huku yananingoja.
Meza ni mesa.
Bendera ni bandera.
Sukari wameivisha kofia tu, azúcar,
na sabuni, ukimsikiliza Amparo akiwa bafuni,
utaitambua kwa mbali.
Aliyataja mojamoja, kwa furaha,
kama mtu aliyefika harusi ya ugenini
akakuta watu watatu wa Chumbageni.

Jana akampa simu mwenyewe.
Mwanamke alisema kwa kasi, kwa muda mrefu,
na nyuma yake nikasikia kijiko kikigonga sufuria.
Hakuacha kukoroga.
Basi nami nikamjibu kwa lugha yangu:
Anakula polepole, usimwondolee sahani.
Pilipili hagusi, asikudanganye.
Akinyamaza hajanuna,
anatafuta neno.
Sí, akasema. Sí, sí, sí.

Kwetu kila si inakataa.
Zile nne zilikubali.

Mwisho akasema hasta mañana,
na Mwantumu akanieleza kwa sauti ya mwalimu,
sauti ambayo hakuondoka nayo hapa:
Hasta ni hata, mama. Ile hata ya bibi,
tangu asubuhi hata jioni.
Amesema hata kesho.
Na Amparo, nikauliza, lina maana?
Akakaa kimya. Karatasi zikafunuliwa.
Hifadhi, akasema. Au kimbilio. Nitakuulizia.

Leo msasa zimekwisha,
lori la Muheza limeshusha valensia za kwanza,
bado zina kijani mabegani.
Kijana mmoja wa bodaboda akaokota moja,
akaitupa juu, akaidaka:
Mama, hizi valensia tamu?

Nikakawia kujibu.
Watu wa foleni wakanitazama.
Mwanangu, nikamwambia, sijui bado.
Ndiyo kwanza wiki ya pili.